Kufuli la iTunes Lilivyowanasa Waliolidai

Tarehe 6 Januari 2009, Phil Schiller wa Apple alipanda jukwaani kwenye maonyesho ya Macworld mjini San Francisco akatangaza mambo mawili kuhusu duka la muziki la iTunes. La kwanza: lebo zote nne kubwa duniani, yaani Universal, Sony, Warner na EMI, zimekubali nyimbo zao ziuzwe humo bila kinga ya kunakili. La pili: bei moja ya senti 99 za dola, ambayo Apple iliitetea kwa ukali tangu 2003, inaondoka, na nyimbo zitauzwa kwa bei tatu za senti 69, senti 99 na dola 1.29.

Mteja alisikia habari mbili, moja ya kufurahisha na moja ya kukunja uso. Kumbe lilikuwa patano moja. Apple iliachia bei, lebo zikaachia kufuli. Lakini hapo pana la kujiuliza. Mwaka 2003 lebo hizohizo zilikataa kuuza hata wimbo mmoja kwenye iTunes bila kufuli. Ilikuwaje miaka michache baadaye zenyewe zikawa na haraka ya kulivunja? Jibu limo ndani ya kufuli lenyewe, kwa hiyo tuanze kwa kulikongoa.

Ndani ya FairPlay

Duka la iTunes lilifunguliwa nchini Marekani tarehe 28 Aprili 2003 likiwa na nyimbo zipatazo 200,000, kwa watumiaji wa kompyuta za Mac peke yao. Katika wiki ya kwanza liliuza nyimbo milioni moja. Lebo kubwa wakati huo zilikuwa tano, na zote zilikuwa bado na majeraha ya Napster, mtandao wa kubadilishana nyimbo bure uliofungwa mwaka 2001 baada ya kesi mahakamani. Sharti lao kwa Apple lilikuwa kwamba kila wimbo utoke dukani ukiwa umefungwa. Apple ikatengeneza kufuli na kuliita FairPlay.

Lilifanya kazi hivi. Sauti ilibanwa kwa mfumo wa AAC, kilobiti 128 kwa sekunde, kisha ikasimbwa, yaani ikageuzwa kuwa data isiyosomeka bila ufunguo. Ufunguo wa kuisimbua ulikuwa ndani ya faili hilohilo, ila nao ulikuwa umesimbwa kwa ufunguo wa pili. Huo wa pili haukuwa kwenye faili. Ulitolewa na seva ya Apple kwa akaunti ya mnunuzi na kuhifadhiwa kwenye kompyuta aliyoiidhinisha. Mwanzoni kompyuta hizo zilikuwa tatu tu, na kuanzia 2004 zikawa tano. Ukimtumia rafiki faili lako, amepata data ambayo kompyuta yake haiwezi kuicheza. Kwa upande wa iPod, vifaa vya mkononi vya Apple vya kuchezea muziki, hapakuwa na kikomo, maana programu ya iTunes ilivinakilia vifaa hivyo funguo zinazohitajika.

Kama kizuizi cha wizi, kufuli hili lilikuwa legevu, na wote waliohusika walilijua hilo. Mnunuzi aliruhusiwa kuchoma nyimbo zake kwenye CD, na CD ile ilitoka bila ulinzi wowote. Ukiirudisha kwenye kompyuta na kuigeuza kuwa MP3, kufuli limekwisha, umepoteza ubora kidogo tu wa sauti. Isitoshe, lebo zenyewe ziliendelea kuuza CD madukani zisizo na kinga.

Kulikuwa na ulegevu mwingine uliojificha zaidi. Mnamo Machi 2005, Jon Lech Johansen wa Norway, aliyejulikana kwa programu ya kufungua DVD, alitoa pamoja na wenzake programu iitwayo PyMusique. Haikuiba chochote. Iliingia dukani kwa akaunti halali, ikalipa bei halali na kupokea wimbo ambao haukuwa na kufuli. Waligundua kwamba seva za Apple zilituma wimbo ukiwa wazi, na programu ya iTunes kwenye kompyuta ya mnunuzi ndiyo iliyoufunga baada ya kufika. Kiufundi mpangilio huo una mantiki: wimbo mmoja hutumwa kwa watu wengi mno, na ufunguo wa kila mtu ni wake, hivyo ni nafuu kumwachia mteja kazi ya kufunga. Tatizo ni kwamba hapo unamtegemea mteja ajifungie mwenyewe. PyMusique iliruka hatua hiyo ya mwisho. Apple iliziba mwanya siku chache tu baadaye kwa kulikataza duka kuhudumia matoleo ya zamani ya iTunes, na wale vijana wakaupita tena mara moja.

Basi kama kufuli halikumzuia mwizi, lilizuia nini? Lilimzuia mshindani. Apple haikutoa leseni ya FairPlay kwa maduka mengine, wala kwa watengenezaji wa vifaa, ukiacha simu chache za Motorola. Wimbo wa iTunes haukuchezeka kwenye kifaa cha Creative au Samsung. Vilevile iPod, ingawa ilicheza MP3 za kawaida bila shida, haikukubali wimbo uliofungwa na duka jingine lolote. Mtu aliyekwisha kununua nyimbo mia mbili iTunes alikuwa na sababu za dola mia mbili za kununua iPod nyingine ile ya kwanza ikiharibika.

Washindani na makufuli yao

Microsoft ilijibu mwaka 2004 kwa mpango ulioitwa PlaysForSure. Yenyewe ilitoa programu ya kufuli, kampuni kama Creative, iRiver na Samsung zikatengeneza vifaa, na maduka mengi yakauza nyimbo: MSN Music, Yahoo, Walmart kwa senti 88, na Napster mpya, ambayo kwa kweli lilikuwa jina lililonunuliwa na kuvishwa biashara halali. Kwenye karatasi mpango huo ulikuwa bora, kwa kuwa mteja angechagua duka na kifaa apendavyo. Kwa vitendo, leseni ya wimbo ilishikamana na kompyuta, na ikitokea hitilafu, duka lilimtupia lawama mtengenezaji wa kifaa, naye akaitupia programu. Novemba 2006 Microsoft yenyewe ikatoa kifaa chake, Zune, chenye duka lake, na Zune haikuweza kucheza nyimbo za PlaysForSure. Walioiamini Microsoft miaka miwili walijikuta nje ya mlango wa Microsoft. Sony nayo ilikuwa na duka lake la Connect na mfumo wake wa sauti wa ATRAC, kisiwa cha tatu.

RealNetworks ilijaribu njia ya mkato. Julai 2004 ilitoa Harmony, teknolojia iliyoziwezesha nyimbo zilizofungwa za duka lake kuchezeka kwenye iPod kwa kuiga FairPlay. Mwezi uliofuata ikashusha bei ya wimbo hadi senti 49 ili kuwavuta wateja wa Apple. Apple iliituhumu kwa kutumia mbinu na maadili ya wadukuzi, na kabla mwaka haujaisha, programu mpya ya iPod ilikwisha kuzikataa nyimbo za Harmony.

Hapo ndipo mtego ulipoonekana wazi. Kadiri iPod ilivyozidi kuwa kifaa cha wengi, muuzaji mwingine yeyote aliyetaka kumfikia mwenye iPod alikuwa na mlango mmoja, nao ni MP3 isiyo na kufuli. Duka la eMusic lilikuwa likiupitia mlango huo tangu 1998, likiuza MP3 za lebo huru na kuwafikia wenye vifaa vya kila aina. Lakini muziki wa lebo kubwa haukuwemo, kwa sababu lebo kubwa zilidai kufuli. Kwa sharti lao wenyewe, walikuwa wamempa Apple ukiritimba juu ya wateja wao. Naye Apple aliutumia: lebo zilipotaka nyimbo zinazovuma ziuzwe ghali zaidi, jibu lilikuwa senti 99, basi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jaribio la kuifunga CD nalo liliishia pabaya. Oktoba 2005 mtaalamu wa Windows, Mark Russinovich, alieleza kwamba CD za Sony BMG (Sony baada ya kuungana na BMG) zenye kinga iitwayo XCP ziliingiza kwenye kompyuta, bila mwenye nayo kujua, programu iliyoficha kila faili ambalo jina lake linaanza na alama $sys$. Waandishi wa virusi wakaanza kujificha nyuma ya alama hiyohiyo. Sony BMG ililazimika kuziondoa CD hizo sokoni na kukabiliana na kesi. Waliodhurika ni wateja waliolipa. Aliyepakua wimbo bure mtandaoni hakuguswa.

Kutokuwa na kufuli kukawa silaha

Februari 2007 Steve Jobs, mkuu wa Apple, alitoa barua ya wazi yenye hesabu rahisi. Hadi mwisho wa 2006 iPod milioni 90 zilikuwa zimeuzwa, na duka la iTunes lilikuwa limeuza nyimbo bilioni 2. Ni wastani wa nyimbo 22 kwa kila iPod, yaani chini ya asilimia 3 ya muziki uliomo. Aliongeza kwamba kwa mwaka 2006 maduka ya mtandaoni yaliuza nyimbo zilizofungwa zisizofika bilioni 2, huku lebo zikiuza nyimbo zaidi ya bilioni 20 kwenye CD zisizo na kinga. Lebo zikiruhusu, alisema, Apple italiondoa kufuli mara moja. Barua hiyo haikuandikwa kwa wema mtupu. Wiki chache kabla, mamlaka ya kutetea walaji nchini Norway ilikuwa imesema FairPlay inakiuka sheria, na ilikuwa rahisi kuuelekeza mzigo huo kwa lebo. Hata hivyo hesabu zenyewe zilikuwa ngumu kupingwa.

EMI, iliyokuwa dhaifu kuliko wenzake, ilikubali Aprili 2007. Mwishoni mwa Mei nyimbo zake zilianza kuuzwa iTunes bila kufuli, kwa kilobiti 256 na, kwa miezi ya mwanzo, dola 1.29. Aliyekwisha kununua wimbo wa zamani alitakiwa kuongeza senti 30 ili apewe toleo lililofunguliwa. Ndani ya faili jipya Apple iliacha jina na anwani ya barua pepe ya mnunuzi: huzuiwi kunakili, ila nakala ikizagaa itajulikana ilitoka kwa nani.

Universal ilicheza karata nyingine. Ilikubali kuuza nyimbo bila kufuli kwa majaribio, lakini kwa maduka mengine, Apple ikaachwa nje. Tarehe 25 Septemba 2007 Amazon ilifungua duka lake la MP3 lenye nyimbo zaidi ya milioni 2, nyingi zikiwa za kati ya senti 89 na 99, zote zikichezeka kwenye iPod. Warner ilijiunga Desemba, Sony BMG ikafuata Januari 2008. Kwa karibu mwaka mzima uliofuata, nyimbo zilezile za lebo hizo tatu zilikuwa huru Amazon na zimefungwa iTunes, tena mara nyingi Amazon kwa bei ya chini. Lebo zilikuwa zimegundua kwamba namna pekee ya kumpa nguvu mshindani wa Apple ni kumpa kile walichoapa kutokitoa.

Silaha hiyo haikuiangusha Apple. Aprili 2008 iTunes iliipita Walmart na kuwa muuzaji mkubwa kuliko wote wa muziki nchini Marekani. Lakini sasa kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake anakitaka, na hapo patano la Januari 2009 likawezekana.

Waliobaki na nyimbo bila ufunguo

Hesabu ya mwisho ililipwa na wateja wa maduka yaliyoshindwa. Aprili 2008 Microsoft iliwaarifu walionunua MSN Music kwamba kuanzia mwisho wa Agosti seva zake hazitatoa tena funguo. Nyimbo zingeendelea kucheza kwenye kompyuta iliyokwisha kuidhinishwa, ila ukibadilisha kompyuta au kuweka Windows upya, kwisha. Baada ya malalamiko tarehe hiyo ilisogezwa hadi mwisho wa 2011. Yahoo ilitangaza mwisho wa funguo zake mwaka huohuo wa 2008, kisha ikaahidi fidia. Walmart ilitangaza kuzima, ikarudi nyuma. Ushauri waliopewa wateja hao ulikuwa: chomeni nyimbo zenu kwenye CD. Yaani, tumieni ule mwanya uliokuwapo tangu siku ya kwanza.

Kufuli halikufa, lilihamia kwingine. Leo nyimbo unazozihifadhi kwenye Spotify au Apple Music ili usikilize bila intaneti zimesimbwa, na ukiacha kulipia zinanyamaza. Makelele hayapo kwa kuwa mkataba uko wazi: umekodi, hujanunua. Afrika Mashariki nayo imeona jibu tofauti. Mdundo, jukwaa lililoanzia Kenya, hukupa MP3 unayoweza kuihamisha, na badala ya kuifunga huiambatisha na tangazo la sauti. Nakala ikizunguka, tangazo nalo linazunguka.

Hukumu yangu ni kwamba kinga ya kunakili haikuwahi kupimwa kwa nyimbo ilizookoa, maana haikuokoa nyingi. Kipimo chake kilikuwa nani anamtegemea nani, na lebo zilichelewa kuona kwamba anayeshika seva ya funguo ndiye mwenye soko. Wewe unayelipia wimbo, kitabu, filamu au mchezo, uliza kabla ya kulipa: ufunguo unakaa wapi, na siku seva hiyo ikizimwa nitabaki na nini? Ukikosa jibu, lipa bei ya kukodi, usilipe bei ya kununua.