Mikono Miwili, Kazi Tatu: Vibrafoni ya Jazi na Hoja ya Utunzi wa Papo kwa Papo

Katika mijadala yetu ya fasihi simulizi kuna dai moja lililozoeleka mno: kwamba msanii anayetunga papo kwa papo hahitaji kujifunza, eti kipaji chake kinamtosha. Wenye dai hilo wakiombwa mfano, wengi hukimbilia muziki wa jazi wa Marekani. Jazi, wanasema, ni kupiga unavyojisikia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mfano huo unawageuka wenyewe. Nitatumia ala moja tu, vibrafoni, kwa kuwa ndani yake kazi tatu za mpigaji zinaonekana waziwazi: kuongoza lahani, kusindikiza na kubuni.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Tukisema jazi hapa hatuna maana ya Morogoro Jazz wala Tabora Jazz, bendi zetu za dansi zilizochukua jina hilo zikapiga muziki wao. Tunazungumzia muziki ulioanzishwa na Wamarekani Weusi. Vibrafoni nayo ni ya ukoo wa marimba, ila vibao vyake ni vya alumini, kwa kawaida 37, na chini ya vibao kuna mirija ya kukuza sauti. Juu ya mirija kuna visahani vinavyozungushwa na mota; hivyo ndivyo vinavyoitetemesha sauti. Mguuni kuna pedali: ukiikanyaga vibao vinaendelea kulia, ukiiachia vinanyamaza. Ala hii ilizaliwa Marekani na kuenea miaka ya 1920. Mwaka 1930 Lionel Hampton aliipiga katika rekodi ya Louis Armstrong, na ikaanza kupata nafasi katika jazi.

Sasa basi, mwanafunzi anaanzia wapi? Anaanza na lahani. Nyimbo nyingi za jazi zina vipimo 32, na bluzi kwa kawaida ina 12. Lazima aujue wimbo wenyewe hadi aweze kuuimba bila ala. Hapo hapo anakutana na tatizo la alumini: sauti haikatiki upesi. Akiacha pedali imekanyagwa, sauti ya zamani inaingiliana na mpya na lahani inageuka kelele. Kwa hiyo hujifunza kunyamazisha kibao kimoja kwa kukigusa na kigongeo, huku kingine kikiachwa kilie. Jamani, hata kunyamaza kunafundishwa!

Kazi ya pili ni kusindikiza. Wimbo umejengwa juu ya kodi (si ile ya nyumba), yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja. Anayeanza na vigongeo viwili huanza kwa kutafuta sauti mbili tu katika kila kodi, ya tatu na ya saba, kwa sababu hizo ndizo zinazoonyesha kodi ni ya aina gani. Ya kwanza huachiwa mpiga besi. Akihama kutoka kodi moja hadi nyingine, mara nyingi sauti hizo husogea hatua moja tu au hazisogei kabisa. Baadaye anashika vigongeo vinne, viwili kila mkono: wa kushoto unasindikiza, wa kulia unaongoza.

Ndipo inapokuja kazi ya tatu, kubuni. Njia ya kuaminika ni kuanza na lahani ile ile: ichelewesheni sauti moja, iwahisheni nyingine, acheni pengo, kisha jazeni pengo hilo kwa sauti za kodi inayopita wakati huo. Mbunaji anasikia wimbo wa asili kichwani muda wote, hata pale hadhira haiusikii tena. Akiusahau, amepotea, na wenzake jukwaani watajua mara moja.

Tuwaangalie mabingwa. Milt Jackson wa Modern Jazz Quartet alisifika kwa vigongeo viwili na mota ya mwendo wa polepole. Kodi nyingi ziliachwa kwa piano ya John Lewis, naye akabuni kama mwimbaji. Bobby Hutcherson, katika "Out to Lunch!" ya Eric Dolphy (1964), alikuwa katika kundi lisilo na piano, usindikizaji wa kodi ukamwangukia yeye. Gary Burton aliimarisha upigaji wa vigongeo vinne hata akaweza kupiga peke yake. Katika "Crystal Silence," aliyorekodi na mpiga piano Chick Corea mwaka 1972, anayeongoza sasa hivi ndiye anayesindikiza baada ya muda mfupi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi inayothibitisha hoja yetu: asiyejua kusindikiza hawezi kubuni pamoja na mwenzake, kwa sababu hajui kumsikiliza.

Wapo watakaopinga kwamba wengi wa mabingwa wa mwanzo hawakusoma jazi chuoni. Ni kweli, lakini kujifunza kwa sikio ni kujifunza. Albert Lord, katika kitabu chake cha 1960, alionyesha jambo hili hili kwa waimbaji wa tenzi wa Yugoslavia: hawakukariri neno kwa neno, walitunga mbele ya hadhira kwa kutumia mafungu ya maneno waliyoyazoea tangu ujanani. Kwa upande mwingine, mwanafunzi anayekariri solo ya Jackson kutoka kwenye rekodi na kuishia hapo hajabuni chochote. Huyo hana tofauti na sisi tunapokariri madesa usiku wa mtihani.

Tunapata nini sisi wa fasihi? Tuukumbuke mgogoro wa ushairi. Upande mmoja ulisimama na kanuni kama zile za Amri Abedi (1954); upande mwingine ulisimama na mashairi huru ya Kezilahabi katika "Kichomi" (1974). Hadi leo mwanafunzi anaweza kuandika mistari isiyo na vina na kuiita huru, wakati hajawahi kutunga hata ubeti mmoja wenye mizani. Kezilahabi aliyajua aliyoyaacha, na ndiyo maana kuacha kwake kuna uzito. Je, huyu wa leo ameacha nini?

Napendekeza, basi, tunapohakiki shairi huru au utunzi wa jukwaani tuulize maswali matatu ya mpiga vibrafoni: lahani yake ni ipi? Nini kinaisindikiza? Na kilichobuniwa kimetoka wapi? Asiyekubaliana na pendekezo hili na aandike. Kurasa hizi ni za wote.