Chupa itupe miche kwanza

Wandugu, hapa Munigi tunalima juu ya mawe ya volkano, njo maana wazo la kukuza seli za mimea ya dawa ndani ya chupa linatuvutia. Mfano tunaoupenda ni Japani: shikonini, ile rangi nyekundu ya dawa, ilitoka kiwandani miaka ya 1980. Sawa, lakini shikonini iko bei kali, na seli zinaitoa kwa wingi. Seli za kinkina zinatoa kinini kidogo sana. Pharmakina ya Bukavu inaipata kwenye maganda ya miti. Tuache kuahidi watu dawa ya chupani. Labo ndogo itupe miche safi ya kinkina na ya Prunus africana, inayochunwa maganda porini mpaka inakauka.