Anayesema "It is I" Hafunguliwi Mlango

Mhariri mmoja alinirudishia hadithi yangu ya Kiingereza, pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "Huyu mama ni mwanamke au mwanamume?" Nilikuwa nimemwita "she" aya ya kwanza, halafu "he" mara nne. Si ujinga, bwana. Kichwani mwangu mama yule alikuja, akakaa, akalia, na hiyo "a" yetu haimwulizi mtu jinsia. Kosa nikalikubali.

Nililolikataa ni la pili. Mlinzi wa usiku katika hadithi anagonga mlango na kusema "It's me." Mhariri kafuta, kaweka "It is I." Kweli, vitabu vya zamani vya sarufi vilishikilia hivyo kwa kufuata kanuni za Kilatini. Lakini hebu nenda London ukagonge mlango useme "It is I". Watadhani unaigiza tamthilia ya Shakespeare!

Woga huohuo ndio unaozaa "between you and I" ninayokutana nayo katika hadithi za vijana wenzangu. Mtu aliyegombezwa sana kwa ajili ya "me" huikimbia hata pale ilipo halali yake. Mimi hupima hivi: namwondoa mwenzangu kwenye sentensi. Kama huwezi kusema "He saw I", basi na "He saw you and I" iache. Na tuliofundishwa kwamba "everybody" lazima afuatwe na "his", tujue Jane Austen alimfuatisha na "their" zaidi ya miaka 200 iliyopita. Sisi wenye "a" tungeishangilia hiyo.

Nahau ndizo zinaniumiza zaidi. Nimesoma hadithi nzuri kabisa, nikafika msibani, mjane anafuta machozi na kusema: "My husband kicked the bucket." Nikacheka, na mwandishi hakutaka nicheke! Kamusi itakwambia maana yake ni kufa, sawa, ila ni kufa kwa mzaha wa vijiweni. Ni sawa na mjane wa kwetu, kanga kichwani, kuwaambia waombolezaji kwamba mumewe kakata kamba. "Passed away" ingemsitiri. Hata "died" tu, kavu hivyo hivyo, ingetosha.

Hadithi yangu nimeiandika upya. Mama ni "she" toka mwanzo hadi mwisho. Mlinzi bado anasema "It's me", na kesho naituma tena kwa mhariri yuleyule.