Sifa za Bunduki Ndogo

Katika umbali wa mita 50, duara la alama kumi kwenye karatasi ya shabaha ya mashindano ya kimataifa lina upana wa milimita 10.4. Mpiga shabaha mwenye fedha kidogo hukabiliwa hapo na swali ambalo tajiri anaweza kulikwepa: kila ninachokitoa mfukoni kitasogeza tundu la risasi milimita ngapi kuelekea kati? Naamini swali hilo ndilo mlango wa ufundi wenyewe. Anayelijibu kwa uangalifu hujikuta anaijua tabia ya risasi, ya mtutu, ya kioo na ya mwili wake kuliko mtu aliyenunua kila kilichosifiwa dukani. Na akilijibu kwa hesabu, bila kusukumwa na tamaa, karibu kila mara ataishia kwenye bunduki ya kaliba .22, risasi nyingi, na darubini ya kawaida iliyofungwa sawasawa.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila bunduki ina mtawanyiko wake, hata ikilazwa juu ya mfuko wa mchanga. Mpigaji naye ana wake, unaotokana na pumzi, mapigo ya moyo, na kidole kinachovuta kifyatuo kikielekea pembeni. Kwa kuwa mitawanyiko hiyo miwili haitegemeani, haijumlishwi moja kwa moja: kila mmoja hupigwa kipeo cha pili, vipeo hujumlishwa, ndipo hutafutwa kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Chukua bunduki ya bei ya chini inayotawanya risasi milimita 15, mikononi mwa mtu ambaye mwili wake peke yake unatawanya milimita 40. Jumla yake ni karibu milimita 43. Mpe mtu huyohuyo bunduki isiyo na kosa lolote, kama ingekuwapo duniani, naye atapata 40. Fedha zote zile zimemnunulia milimita tatu. Sasa mwachie bunduki yake ya kwanza, fedha ziende kwenye risasi za mazoezi mpaka mtawanyiko wake ushuke hadi 20: jumla itakuwa 25. Kosa kubwa hulimeza kosa dogo, na kwa anayeanza, kosa kubwa liko nyuma ya kitako cha bunduki. Sioni hoja nyingine katika mchezo huu yenye nguvu kama hii, na nashangaa jinsi isivyotajwa mara nyingi na wanaoshauri wanunuzi.

Hapo ndipo kaliba inapoingia. Risasi ya .22 Long Rifle ilitoka Marekani mwaka 1887, katika kiwanda cha Stevens, na mpaka leo haijapata mpinzani kwa unafuu. Nchini Marekani risasi moja ya kawaida hugharimu senti chache tu, ilhali risasi ya mashindano ya kaliba kubwa kama 6.5 Creedmoor, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, hufika dola moja na zaidi. Kwa bei ya mazoezi ya asubuhi moja ya kaliba kubwa, mwenye .22 hufanya mazoezi wiki nzima. Mtutu nao una hesabu yake. Moto na shinikizo la 6.5 Creedmoor huchakaza koo la mtutu ndani ya risasi elfu mbili au tatu hivi, ilhali mtutu wa .22 ukitunzwa hupitisha makumi ya maelfu. Tena teke la .22 ni dogo mno hivi kwamba mwili haujifunzi kuogopa. Mtu aliyeanza na kaliba kubwa hufumba jicho na kukaza bega kabla kifyatuo hakijaachia, na tabia hiyo ikishaota mizizi huchukua muda mrefu kung'olewa.

Wako watakaosema kwamba risasi ndogo na ya polepole huchezewa na upepo, kwa hiyo afadhali kununua yenye kasi. Pingamizi hili lina mantiki, lakini vipimo vimelikanusha kwa namna inayonifurahisha kila ninapolifikiria. Risasi za .22 za mashindano hutengenezwa zitoke mtutuni kwa mwendo wa mita 320 hadi 330 hivi kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Zile zinazotangazwa kuwa za kasi kubwa huanza juu ya mwendo huo, na karibu na mwendo wa sauti hewa huzikaba vikali mno. Upepo wa ubavuni hauisukumi risasi kulingana na muda wote inaokaa angani. Huisukuma kulingana na muda inaoupoteza kwa kukabwa na hewa, yaani tofauti kati ya muda halisi wa safari na muda ambao ingetumia kama pasingekuwa na hewa. Kwa sababu hiyo .22 ya kasi kubwa hufika mapema zaidi, na bado hupeperushwa mbali zaidi kuliko ile ya polepole. Anayejifunza kusoma upepo kwa bendera za uwanjani akiwa na risasi ndogo anapata elimu ileile ambayo mpigaji wa mita 900 anaihitaji, kwa umbali wa kutembea na kurudi.

Historia nayo imo upande wa udogo. Mwaka 1857 Waingereza waliishindanisha bunduki ya jeshi lao, Enfield ya kaliba .577, na ile ya mhandisi Joseph Whitworth. Whitworth alikuwa ameupunguza mtutu hadi .451, akaufanya wa pembe sita ndani, na kuizungusha risasi kwa kasi kubwa zaidi. Bunduki yake ikaishinda Enfield kwa mbali. Bunduki ya aina hiyo, ikiwa imefungwa kwenye kiegemeo, ndiyo iliyofyatuliwa na Malkia Victoria kufungua mashindano ya shabaha ya Wimbledon mwaka 1860. Ni kweli kwamba Whitworth ilikuwa ghali. Lakini kilichoifanya ilenge vizuri kilikuwa vipimo sahihi, na leo mashine za viwandani zinatoa vipimo ambavyo fundi wa enzi zile hakuviota, kwa bunduki ambazo mtu wa kipato cha kawaida huko Marekani au Ulaya anaweza kuzimudu.

Ipi basi katika hizo? Ruger 10/22, iliyotoka mwaka 1964 na inayojikoki yenyewe, inapatikana karibu kila duka la bunduki la Marekani na vipuri vyake havina idadi. Kwa karatasi, hata hivyo, napendelea ya kukoki kwa mkono, kama CZ 457 ya Jamhuri ya Cheki au Savage Mark II, kwa kuwa humlazimisha mpigaji atulie baada ya kila risasi, na kwa sababu mara nyingi mtutu wake hulenga vizuri zaidi kwa bei inayokaribiana. Muhimu kuliko jina ni mambo mawili. Kwanza, kitako kilingane na mwili, ili shavu likilala jicho liwe tayari nyuma ya kilengeo bila shingo kunyooshwa. Pili, kifyatuo kiachie ghafla bila kukwaruza. Iliyotumika ikikidhi haya inaishinda mpya isiyoyakidhi, maana .22 haichakai upesi.

Kwenye darubini ndiko fedha nyingi hupotea. Mnunuzi huvutwa na ukuzaji mkubwa, mara 20 au 24, akidhani kuona zaidi ni kulenga zaidi. Kumbe katika bei ya chini ukuzaji huo huja na kioo chenye giza, na skrubu za kurekebishia zisizorudi mahali pake. Jambo ambalo wengi hawaliulizi ni paralaksi: jicho likihama katikati ya kioo, alama ya msalaba nayo huonekana kuhama juu ya shabaha. Darubini nyingi za bunduki kubwa hurekebishwa kiwandani kwa yadi 100. Yenye kioo cha mbele cha milimita 40 ikielekezwa kwenye shabaha ya yadi 50, jicho lililo ukingoni linaweza kuleta kosa la milimita 10. Hilo latosha kuitoa risasi nzuri kabisa katika duara la kumi, na mpigaji atailaumu bunduki. Darubini ya kawaida ya mara 4 au 6, iliyorekebishwa kwa yadi 50 na kufungwa kwa pete imara, ni bora kuliko kubwa isiyojua iko umbali gani. Na asiyeweza hata hiyo asijione yuko nje ya ufundi: katika mashindano ya bunduki ya Olimpiki darubini haziruhusiwi, na wapigaji hulenga kupitia tundu dogo tu.

Huko Camp Perry, Ohio, nchini Marekani, shirika la upigaji shabaha la Civilian Marksmanship Program limejenga shindano zima juu ya fikra hii. Bunduki ya .22 isizidi kilo 3.4, kifyatuo kisiwe laini chini ya kilo 1.36, na kama kuna darubini, ukuzaji wake usipite mara 6. Risasi ni 60, kwa yadi 50 na 25. Sheria hizo zinaziba njia za kununua ushindi na kuacha wazi njia ya kuufanyia kazi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba zana za bei ya chini zina kikomo. Zinacho, na hesabu niliyoitoa ndiyo inayotuonyesha kilipo: mtawanyiko wa mwili ukishakaribia ule wa bunduki, kila milimita ya bunduki huanza kuhesabika. Ila hata hapo ningetafuta risasi kwanza. Kila mtutu wa .22 hupendelea risasi fulani, hata toleo fulani la risasi hiyohiyo, na ndiyo maana wapigaji wa Olimpiki huenda kwenye vituo vya majaribio vya watengenezaji wa risasi Eley na Lapua kuchagua toleo. Mwenye fedha kidogo hununua makasha machache ya aina mbalimbali na kuyapima juu ya mfuko wa mchanga, kwa makundi ya matundu kumi, kwani matatu yanaweza kukaribiana kwa bahati tu. Akishaipata inayofaa, anunue ya kutosha ya toleo hilo.

Kuna pia msomaji wa Goma, Bujumbura au Kampala atakayeniuliza kwa haki ni vipi bunduki yaweza kusifiwa. .22 inaua, na hufika zaidi ya kilomita moja. Ndiyo sababu haipigwi mahali pasipo na ukuta wa udongo nyuma ya shabaha, na Kenya na Tanzania hazimruhusu raia kuimiliki bila leseni. Lakini namkumbuka Luna Solomon, mkimbizi kutoka Eritrea aliyefundishwa Uswisi na bingwa wa Olimpiki Niccolò Campriani, akashindana Tokyo mwaka 2021 katika timu ya wakimbizi. Alitumia bunduki ya upepo ya milimita 4.5, kwa umbali wa mita 10, mbele ya nukta ya alama kumi yenye upana wa nusu milimita. Kazi ya uwanjani ni kuutuliza mwili mpaka nukta hiyo isimame, na sehemu kubwa yake hufanywa bila risasi hata moja: chemba imekaguliwa kuwa tupu, risasi zimewekwa chumba kingine, mtu analenga ukutani na kuvuta kifyatuo huku akitazama kama alama ya msalaba imetikisika. Kwa .22 ambazo pini zake hugonga ukingo wa chemba, ganda lililokwisha kutumika huwekwa ndani kuzilinda. Gharama yake ni muda, na hakuna bunduki ya bei yoyote inayomsamehe mtu zoezi hilo.