Ustadi Hauhesabu Miguu

Katika kazi ambazo mwanadamu huzifanya kwa kusimama, ni chache zinazoidai miguu hesabu kali kama kushuka kwa mbio mlima wa theluji juu ya mbao mbili nyembamba. Kwa hiyo mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa mguu mmoja, akaifanya vyema hata akaingia katika safu ya mabingwa wa zama zake, msiba wake na tumwachie yeye mwenyewe, maana hakuuchagua, tumsifu kwa ustadi alioutolea jasho.

Diana Golden alizaliwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1963, akajifunza kuteleza juu ya theluji angali mtoto mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka 12, siku moja akitembea katika theluji kurudi nyumbani, mguu wa kulia ulimlegea ghafula akaanguka. Waganga walipouchunguza waliiona saratani ya mfupa, na mguu ukakatwa juu ya goti. Kabla ya mwaka kupita alikwisha rejea mlimani. Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini hawakutueleza mhunzi hufua vipi kwa koleo lililovunjika; na hapo ndipo penye utamu wa kutazama.

Mtelezaji wa miguu miwili, apindapo kushoto huulemea mguu wa kulia, na apindapo kulia huulemea wa kushoto, na katika kuupokezana mzigo huo kila mguu hupata akali ya faraja. Chini ya ubao mna kingo mbili za chuma, na ule wa upande wa kidole gumba ndio uumao theluji kwa imara zaidi, kwa kuwa goti na paja huusukuma kwa nguvu zao zote. Golden alibakiwa na mguu wa kushoto peke yake. Kupinda kulia kulimwia kama kulivyo kwa wenzake. Kupinda kushoto kulimlazimu kuulalia ukingo wa nje, upande wa kidole cha mwisho, mahali ambapo mguu ni dhaifu na kosa dogo halisameheki. Na paja lile lile lililochoshwa na pinda la kwanza likalibeba na la pili, tangu kileleni hata bondeni, pasipo mwenza wa kulipokea.

Watelezaji wa mguu mmoja aghalabu hushika mikononi magongo yenye vibao vidogo nchani, mfano wa marengu ya ngalawa, hata theluji ikabaki na alama tatu nyuma yao. Golden aliyatumia, kisha akathubutu kuyaacha na kushindana kwa fimbo nyembamba za kawaida. Mvuvi ajuaye ngalawa huwaje ling'okapo rengu lake ataukadiria ujasiri huo; lakini palikuwa na tadbiri ndani yake, maana uzani uegemezwao mikononi ni uzani uliopunguzwa ubaoni, na ubao usiolemewa haukati theluji.

Katika mbio hizi washindani hushuka mmoja mmoja, na kila apitaye huzidi kuichimba njia, hata ashukaye mwisho akakuta mitaro. Mwenye miguu miwili akiyumba mtaroni hujishikiza kwa mguu wa pili. Mwenye mmoja huanguka. Mwaka 1985, kwa juhudi za Golden, chama cha mchezo huo nchini mwake kilipitisha kanuni ya kuwatengea walemavu nafasi za mapema katika mashindano ya wote, nayo ikaitwa kwa jina lake. Hiyo ilikuwa insafu, wala haikuwa hisani: njia haikufupishwa, saa haikupunguzwa, kilichoombwa ni theluji ambayo haijachimbwa.

Alichuma mataji 10 ya dunia na 19 ya taifa lake, na mwezi wa Februari 1988, huko Calgary, Kanada, akashinda mbio za slalomu kubwa za walemavu zilizofanywa kwa maonyesho katika Michezo ya Olimpiki. Mwaka huo huo Kamati ya Olimpiki ya Marekani ilimteua kuwa mtelezaji bora wa kike, mbele ya wenye miguu miwili. Hata hivyo watu walizidi kumwita shujaa, na neno hilo likamchosha, kwani alitaka aitwe bingwa: ushujaa waweza kusifiwa hata kwa aliyeshindwa, bali ubingwa hupimwa kwa saa.

Alistaafu mwaka 1990. Saratani ikamrudia, na tarehe 25 Agosti 2001 akafariki, umri wake miaka 38. Nawe msomaji, utakapokutana na fundi aliyepungukiwa na kiungo, itazame kazi yake kwanza: ikiwa mbovu, mwambie, ikiwa njema, mlipe bei kamili.