Matundu Mawili ya Japani na Kibao cha Milimita 520

Gari lililotumika Japani hushushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa likiwa halina namba. Kibao chake hurudishwa kwa mamlaka za huko usajili unapofutwa, kabla gari halijapanda meli. Kinachobaki kwenye bampa ya mbele ni matundu mawili yaliyoachana kwa milimita 210, kila moja likiwa tayari kupokea bolti ya M6, ile inayofungwa kwa spana namba 10. Matundu hayo yalipangiwa kibao cha Kijapani, chenye upana wa milimita 330 na kimo cha milimita 165.

Kibao chetu ni chembamba na kirefu: takriban milimita 520 kwa 110. Kikiwekwa katikati, kinazidi kile cha Kijapani kwa karibu milimita 95 kila upande. Katika hizo 95 ndimo rangi inamoharibikia.

Fundi wa haraka hukishika kibao kwa mkono mmoja, drili kwa mkono mwingine, akatoboa pembe nne za kibao pamoja na bampa kwa pigo moja. Kisha anatia skrubu za chuma au ribiti, anafuta vumbi kwa kitambaa, kazi imekwisha. Inachukua dakika chache na kwa macho inapendeza. Matundu mawili ya kiwandani yamefunikwa, hayakutumika, na sasa bampa ina mengine manne ambayo aliyeliunda gari hakuyataka.

Ubaya wa matundu hayo unaeleweka ukijua bampa imeundwaje. Bampa nyingi za magari madogo ni plastiki ya polipropilini, plastiki isiyopenda kushikana na rangi. Kiwandani hupakwa kwanza dawa ya kuifanya rangi ing'ang'anie, ndipo inafuata rangi yenyewe, na juu yake klia. Tabaka zote kwa pamoja hazizidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita. Ncha ya drili ikipita hapo inaichana ile ngozi, na kingo za tundu zinabaki na nyufa ndogo zisizoonekana. Maji ya mvua na sabuni za waosha magari huingia kwenye nyufa hizo. Plastiki haishiki kutu, kwa hiyo mwenye gari hudhani yuko salama. Baada ya muda klia inaanza kuinuka kandokando ya skrubu, halafu rangi inamenyuka vipande vipande. Kwenye bampa za chuma, kama za Land Cruiser za kazi, ni kutu moja kwa moja, na pwani yenye hewa ya chumvi kutu haingoji.

Jua nalo lina sehemu yake, na hili mafundi wengi hawalitazami. Plastiki ikipata joto hutanuka mara kadhaa zaidi ya alumini ya kibao. Kibao kilichokazwa pembe kwa pembe, skrubu zikiwa zimeachana kwa milimita 480 hivi, kinapopanda joto nyuzi 40 kutoka asubuhi hadi saa nane mchana, chenyewe kinarefuka kwa karibu nusu milimita. Bampa iliyo nyuma yake inarefuka kwa zaidi ya hapo, na tofauti inaweza kufika milimita nzima. Jioni vyote vinarudi, kila kimoja kwa kipimo chake. Kila siku skrubu zinavutwa huku na huku, tundu linapanuka, kibao kinalegea. Kikishalegea kinatetemeka, na vumbi lililojibana kati ya kibao na klia linafanya kazi ya msasa. Ile mistari myeupe unayoikuta nyuma ya kibao cha zamani imetoka huko. Kuna mwenye gari ambaye hana tundu hata moja la ziada na bado bampa yake imechubuka hivyo, kwa sababu tu kibao kiligusana na rangi bila kitu katikati.

Ninachokitetea ni hiki: bampa isitobolewe kabisa, kwa kuwa imeshatobolewa na anayeijua. Kinachokosekana ni kipande kimoja cha kati, cha kuunganisha vipimo vya Kijapani na kibao chetu.

Kazi safi kuliko zote nilizoziona za aina hii ilifanywa kwenye Toyota nyeupe, katika gereji ndogo Ilala. Fundi hakuanza na drili. Alianza na maji na sabuni, akaosha bampa yote, akaikausha, kisha akaipitisha kitambaa chenye spiriti. Alitia bolti kwenye matundu ya kiwandani kwa vidole, bila spana, kuona kama nati za ndani bado zinashika. Moja ilikuwa inazunguka bure. Akaing'oa, akapachika nyingine ya plastiki ya ukubwa uleule. Wengi wangeona tundu moja limekataa, wakahamia pembeni na drili.

Kisha akakata bapa la alumini la unene wa milimita 2, urefu 500 na kimo 95, yaani dogo kidogo kuliko kibao ili lisionekane likishafunikwa. Akalipiga tupa kingo zote mpaka ukipitisha kidole hakikwaruzwi. Akalitoboa matundu mawili ya kuachana milimita 210, ila moja akalirefusha kwa tupa ya duara likawa la mviringo mrefu. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Bampa inapumua, kaka. Upande mmoja uushike, mwingine uuachie nafasi." Hakutaja nyuzi joto wala milimita, lakini hilo tundu refu ndilo jibu la hesabu niliyoieleza hapo juu.

Bapa alilikunja kwa mkono, taratibu, mpaka likafuata mbinuko wa bampa bila kuigusa. Hapa pana jambo la kuangalia sana. Katikati ya bampa nyingi pana ubapa unaotosha kibao kifupi cha Kijapani, kisha pande zote mbili zinarudi nyuma. Kibao kirefu kikiachwa kimenyooka, ncha zake zinaning'inia hewani na kutetemeka; kikikunjwa sana, ncha zinachimba rangi. Inatakiwa nafasi ya milimita 3 hadi 5 kila mahali, na nafasi hiyo ijazwe kwa kitu laini.

Kitu laini gani? Mkono wa fundi wa kwetu hukimbilia tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande. Ni rahisi kupatikana, ni imara, na kwenye gari jeusi huenda usione tatizo. Kwenye gari jeupe usithubutu. Mpira mweusi wa tyubu una kemikali za kuulinda usizeeke, na kemikali hizo huhamia kwenye klia na kuacha doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni wala kwa polishi. Fundi yule alitumia sponji ngumu isiyonyonya maji, yenye gundi upande mmoja, na gundi akaielekeza kwenye bapa, si kwenye gari. Alibandika vipande vifupi vya wima badala ya mstari mmoja mrefu, ili maji yapite na vumbi lioshwe likatoke chini.

Bolti alizotumia ni za chuma kisicho na kutu, zenye vichwa bapa, na chini ya kila kichwa washa ya nailoni. Ile washa si pambo. Chuma na alumini vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Alikaza kwa vidole, akamalizia kwa robo mzunguko wa spana. Nati ya plastiki ikikazwa kwa hasira inapasuka.

Mwisho kabisa kikaja kibao, nacho akakifunga kwa ribiti kwenye bapa, akizitia pembeni pasipogusa herufi wala tarakimu. Hili lilinifurahisha zaidi ya yote. Watu hupiga ribiti kwenye bampa kwa kuogopa wezi wa vibao, na hofu hiyo ni ya kweli. Kwa mpango huu bolti zimejificha nyuma ya kibao na ribiti haziguswi na spana, kwa hiyo mwizi anakutana na ugumu uleule huku bampa ikiwa haijaguswa.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu tepu ya povu ya pande mbili, ya jamii ya ile ambayo kampuni ya 3M iliianzisha mwaka 1980 kwa jina la VHB. Inafaa, hasa kwa gari lisilo na tundu hata moja mbele, mradi isikimbizwe: sehemu isafishwe kwa spiriti, ikauke, ibanwe kwa nguvu, na gari lisioshwe wala kwenda safari kwa siku tatu, kwa kuwa gundi hiyo inafikia nguvu yake kamili baada ya saa 72 hivi. Isibandikwe juu ya rangi iliyopigwa upya gereji bila kukomaa, wala juu ya bampa iliyotiwa puti kwa kulipua. Siku ya kuitoa itavuta vyote. Na haivutwi kwa mikono: pasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele, pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma ya kibao, kata kama unayekata kwa msumeno, kisha sugua mabaki kwa kidole gumba. Mwenye kuogopa wezi asiitegemee peke yake.

Baada ya wiki chache za barabara ya vumbi, rudi kwenye kibao, ukishike ncha zote mbili na kukitikisa. Kikigonga, sponji imelala na inahitaji kubadilishwa. Ukiosha gari, elekeza maji nyuma yake kutoka juu kwenda chini mpaka yatoke meupe.