Ufundi wa Kuihoji Skrini

Picha iliyokuwa safi kwenye simu inawekwa kwenye ukurasa, na papo hapo inaonekana ina ukungu, kingo zimekatikakatika. Asiyezoea huifuta na kuiweka upya, akarudia tena, kisha akailaumu kompyuta. Msanifu kurasa aliyeiva haigusi kwanza. Anaitazama, na kujiuliza swali linalobeba kazi yote: kilichoharibika ni picha, au ni jinsi inavyoonyeshwa?

Swali hilo lina umri sawa na usanifu wa kurasa kwa kompyuta ya mezani. Mwaka 1985, kampuni ya Aldus ya Seattle ilipotoa programu ya kurasa ya PageMaker, skrini ya Macintosh ilikuwa na nukta 72 kwa inchi, wakati printa ya LaserWriter ya Apple ilichapa nukta 300. Michoro ya EPS, iliyokuja baadaye kidogo, nayo iliandikwa kwa lugha ya PostScript, ambayo printa iliisoma na programu ya kurasa haikuisoma. Kwa hiyo ndani ya faili kiliwekwa kijipicha hafifu cha kuonyeshea tu. Ukurasa ukipelekwa kwenye printa isiyojua PostScript, kilichotoka kwenye karatasi kilikuwa kijipicha hicho. Wasanifu wa wakati ule walilazimika kuzoea kumtazama mwakilishi huku mwenyewe yuko kwingine.

InDesign, programu ya kurasa ya leo, bado ina tabia hiyo. Picha unayoiweka kwa kawaida haiingii yote ndani ya hati. Inayoingia ni njia ya kuifikia faili, pamoja na nakala hafifu ya kutazama. Kuna namna tatu za kuonyesha: ya haraka, inayoweka boksi la kijivu mahali pa picha, ya kawaida, yenye nakala hafifu, na ya ubora wa juu. Boksi la kijivu limewatoa wengi jasho la bure, kwa sababu mara nyingi hakuna kilichopotea. Kuna pia jambo dogo zaidi linalompambanua fundi: namna hizo zinaweza kuwekwa kwa picha moja peke yake. Unaweza kuamuru hati nzima ionyeshwe kwa ubora wa juu, na picha moja ikabaki na ukungu wake kwa sababu kuna mtu aliwahi kuipa amri yake binafsi. Anayejua hilo anaibofya picha hiyo, anaondoa amri, anaendelea na kazi.

Ukungu ukikataa kuondoka, anafungua orodha ya viungo. Alama nyekundu ya kuuliza inamwambia faili halionekani lilipokuwa: pengine picha zilikuwa kwenye fleshi, na fleshi imeshaondoka na mwenyewe. Hapo nakala hafifu bado ipo ukurasani na inadanganya vizuri sana, hadi siku ya kuchapa. Kama kiungo ni kizima, anasoma tarakimu. Picha iliyopitia WhatsApp ikabaki na upana wa pikseli 1200, ukiitandaza upana wote wa karatasi ya A4, inabaki na pikseli kama 145 kwa kila inchi, karibu nusu ya 300 zinazozoeleka kwa kazi ya gazeti la kung'aa. Hapo skrini imesema kweli, na dawa ni kuiomba picha ya asili kwa aliyeipiga.

Ninachokistahi zaidi ni jinsi mafundi hawa wanavyoshughulikia mistari myeupe. Hati imetolewa kuwa PDF, na juu ya kivuli laini cha kichwa cha habari kumejitokeza mistari miembamba, mithili ya ufa kwenye kioo. Mteja amekwishapiga simu. Fundi anaikuza PDF hiyo hadi asilimia 400, halafu 800. Mstari ukinenepa kadiri anavyokuza, upo kweli na utachapwa. Ukibaki mwembamba vilevile kwa kila ukubwa, ni kazi ya skrini. Chanzo chake kinaeleweka: PDF toleo la 1.3 haliwezi kubeba vitu vinavyopenyeza mwanga, kwa hiyo programu hukatakata eneo hilo vipande na kuvipanga ubavu kwa ubavu. Programu ya kusomea nayo hulainisha kingo za kila kipande, na weupe wa chini ukachungulia kwenye maungio. Anazima ulainishaji katika mipangilio ya Acrobat, mistari inatoweka, na jibu la mteja linapatikana bila kubahatisha. Akiruhusiwa na kiwanda cha uchapaji, anatoa upya kwa toleo la 1.4 au la juu zaidi.

Hati ya kurasa 200 inayokwama kila ikifunguliwa ina utaratibu wake: tengeneza nakala, futa nusu ya kurasa, ona kama ugonjwa umebaki, kisha gawa tena nusu iliyo na ugonjwa. Hatua nane zinatosha kuufikia ukurasa wenyewe.

Hatari kubwa kuliko zote ni ile isiyoonyesha dalili. Nembo ilichorwa kwa programu ya Illustrator ikiwa nyeusi, ikapewa amri ya kuchapwa juu ya rangi nyingine bila kuzikata. Baadaye mtu akaigeuza kuwa nyeupe ili ikae juu ya bluu, na amri ile ikabaki. Kwenye skrini nembo inapendeza. Lakini mtambo wa kawaida hauna wino mweupe. Weupe ni karatasi iliyoachwa wazi, na amri inakataza kuiacha wazi. Nakala elfu kadhaa zitatoka na bluu tupu. Kwa hiyo, kabla ya kuachia faili liende kwenye pleti ya kuchapia, msanifu makini anawasha mwonekano wa wino juu ya wino na kupitia kila ukurasa, hata ule aliouona mara nyingi. Nembo ikitoweka mbele ya macho yake, hagusi hati. Anarudi kwenye mchoro wa asili, anaondoa alama ile moja, anahifadhi, anasasisha kiungo, na kuupitia ukurasa upya kabla ya kuutuma.